Kamusi Iliyomfunga Kyule

Kyule Mativo hakusomea kompyuta hata siku moja. Atakayekwambia alisomea anakudanganya, na Kyule mwenyewe angekuwa wa kwanza kukwambia hivyo. Alikuwa karani wa mafaili katika kiwanda kimoja cha rangi huko Industrial Area. Kila asubuhi alitoka chumbani kwake mtaani Mbotela, akavuka reli, akafika kazini viatu vimejaa vumbi. Mkewe Nthenya na watoto wao watatu walikuwa nyumbani Kibwezi. Aliwaona Krismasi na Pasaka, na mwaka ukiwa mbaya, Krismasi tu.

Mwaka wa tisini na sita kiwanda kilinunua kompyuta saba, zikaunganishwa kwa waya mmoja mrefu uliopita chini ya meza zote. Waya ule ulikuwa na tabia mbovu: ukilegea mahali pamoja tu, mashine zote saba zinakufa. Fundi aliyeufunga alilipwa chake, akaenda zake, asionekane tena. Wiki ya pili Mourine, sekretari, akasukuma kiti chake nyuma na ofisi nzima ikanyamaza. Kyule alikuwa ameinama kuokota faili, akaona kiungo cha waya kimelegea pale pale mbele ya pua yake. Akakikaza kwa vidole, mashine zikaamka. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Daktari. Laiti angeliacha lile faili sakafuni!

Basi wakaanza kumuuliza maana ya yale maneno mapya. Hakuyajua, na mwanamume aliyeitwa Daktari anaona haya kusema hajui, kwa hiyo akawajibu kwa mzaha. Mourine akayachapa majibu yake na kuyabandika kwenye chumba cha chai. Yalisomeka hivi:

Mtandao: mpango wa kuhakikisha kwamba shida ya mmoja ni mapumziko ya wote. 
Paswadi: siri kubwa, imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya mashine. 
Virusi: mgeni uliyemleta mwenyewe kwa diski, halafu ukauliza nani amemkaribisha. 
Mtumiaji: yule anayesema, “Mimi sijagusa kitu.”

Maneno ya kompyuta yalipoisha, wakamletea ya ofisini, nayo akayafanyia kazi. Haraka sana: barua iliyolala mezani kwa bosi wiki tatu. Kibarua wa muda: mtu aliyeanza kazi hapa akiwa na nywele nyeusi. Tutaangalia: hapana.

Hilo la mwisho lilikuwa limemchoma mwenyewe. Mara tatu alikuwa amemwandikia meneja, Bwana Simiyu, akiomba uhamisho kwenda kwenye bohari ndogo ya kiwanda kule Kibwezi. Mzee wa bohari alikuwa anastaafu mwisho wa Agosti, na nafasi kama hiyo haitokei mara mbili. Mara tatu Simiyu alimjibu, “Tutaangalia.” Nthenya naye alikuwa ameshawaambia watoto kwamba baba anarudi. Katika barua yake ya mwisho aliandika kwamba Mbeti, kitinda mimba wao wa miaka minne, ameuliza kama yule mwanamume wa kwenye picha ni mjomba. Kyule aliisoma barua hiyo mara moja tu, akaikunja. Hakuweza kuirudia.

Sasa, pale kiwandani Kibwezi ilikuwa adhabu. Aliyelewa kazini, aliyemjibu bosi vibaya, alipelekwa Kibwezi akale joto, mahali pasipo na ovataimu. Hapo ndipo Kyule alipopata wazo, na mtu aliyebanwa huwa haoni kasoro ya wazo lake. Kama wema haukumpeleka nyumbani, utovu wa adabu ungempeleka. Akamwendea Mourine na maneno mapya mawili.

“Kyule, hii utafutwa,” Mourine akasema alipoyasoma.

“Sitafutwa. Nitapelekwa mbali. Chapa tu, dada yangu.”

Ijumaa karatasi ikawa ukutani. Seva: mkubwa wa mtandao, haonekani akifanya kazi, lakini wote wanamngoja. Meneja: mtu anayefoka kwamba mtandao umekufa, na plagi ameichomoa yeye mwenyewe apate kuchemsha maji ya chai. Kila mtu alijua nani alichomoa plagi mwezi wa Juni.

Saa nne Simiyu akaingia chumba cha chai, akavaa miwani, akasoma. Kyule alikuwa ameshika kikombe, anaomba kimoyomoyo: anikasirikie, Mungu wangu, anikasirikie sana. Mabega ya Simiyu yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akatoa leso kufuta machozi.

“Kyule wewe! Umeniweza kabisa! Ni mimi, ni kweli niliichomoa!” Akamshika bega. “Unajua Mkurugenzi aliniuliza mtandao ni kitu gani nikabaki kinywa wazi? Nikampelekea zile karatasi zako za kwanza. Amesema mtu anayeijua kazi mpaka anaitania, asiguswe. Kuanzia Jumatatu wewe ni kaimu mkuu wa mtandao.”

“Mzee, mimi najua kukaza waya tu. Hayo mengine ni mzaha. Wallahi sijui kitu.”

“Mnaona?” Simiyu akawageukia wengine. “Aliyesoma kweli hajivuni.”

“Na ile barua yangu ya Kibwezi?”

“Kibwezi ukapotee bure? Huko nimempeleka Javan. Nimemkuta mara mbili amelala juu ya magunia.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Kyule alikuwa amekwisha kufika chini. Javan, kijana wa stoo, alimkuta kwenye ngazi macho mekundu.

“Buda, nimeisha,” Javan akasema. “Kibwezi! Nitafanya nini huko, na sijui mtu hata mmoja?”

Kyule hakumpa pole. Alikuwa anamwonea wivu kiasi kwamba alishindwa hata kumpa mkono. Akampita, akatoka nje.

Saa ya chakula alipanga foleni kwenye kibanda cha simu. Kule Kibwezi, Nthenya alikuwa dukani kwa Kavindu, palipokuwa na simu, akingoja tangu asubuhi kama walivyopatana.

“Baba Mbeti, wamesemaje?”

“Wamenipandisha, Mama Mbeti. Wamenifanya kaimu mkuu wa mtandao.”

Nyuma ya Nthenya alisikika mtoto akidai kushika simu.

“Sasa kaimu ndiyo nini?” Nthenya akauliza. “Nieleze vizuri, watoto wananiangalia.”

Kyule akatafuta neno la kuchekesha. Kwa kila kitu alikuwa nalo. Mtu wa nyuma yake kwenye foleni akagonga kioo kwa sarafu.

“Maana yake siji,” akasema.

“Haya,” Nthenya akasema polepole. “Hiyo nimeielewa.”