Dobi Aliyeitwa Daktari

Nakumbuka asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umeilalia migomba, na baba yangu alikuwa amesimama uani, akitazama njia ya ng'ambo ya bonde ambayo daktari angeipita. Ndani ya nyumba dada yangu Namsifu, aliyerudi kwetu kujifungua, alikuwa akilia kwa uchungu wa uzazi. Na huyo daktari tuliyekuwa tukimngoja, mwanangu, alikuwa mchumba wangu.

Nakusimulia haya, mjukuu wangu, kwa sababu ya yale uliyoniambia juzi, ukiwa umeinamisha uso pale jikoni: kwamba kijana aliyeleta posa kwenu alijiita mhasibu, na sasa umegundua kuwa ni mlinzi wa ghala tu. Ulitaka nikuambie umwache au umchukue. Sikukujibu. Jambo kama hilo halijibiwi na mtu anayepepeta mchele. Leo nimekaa, nawe kaa.

Enzi zile Mwingereza ndiye aliyekuwa akitawala. Sisi tuliishi huku huku Suji mlimani, tukilima maharage, magimbi na ndizi. Vijana wengi walishuka tambarare kutafuta kazi, wengine kwenye mashamba ya mkonge, wengine relini, wengine Same mjini. Kijana akipanda mlima kuja likizo na shati jeupe, habari zake zilivuka mabonde kabla hajafika kwao.

Sefania alikuja na shati jeupe kuliko yote. Alikuwa akifanya kazi hospitali ya serikali kule Same. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na alinukia sabuni ya dawa. Siku ya kwanza kusemezana tulikuwa tukitoka kanisani. Aliona kikapu changu cha magimbi kimeniinamisha, akakichukua akakitia begani mwake. Mwanamume, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu! Wenzangu walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kwenda naye.

Aliniambia yeye ni dresa. Wakati ule madresa ndio waliofunga vidonda na kuchoma sindano, na kwetu huko milimani hiyo ilikuwa sawa na udaktari, kwa hiyo watu hawakukawia kumwita daktari. Walimwita, naye akaitikia. Mwanangu, neno la uongo ni kama mbegu: kulitamka ni kuidondosha tu, lakini kila unapoitikia unaimwagilia maji. Mama yake, ambaye alikuwa mjane na maisha yalikuwa yamemkunja mgongo, akaanza kuitwa Mama Daktari. Nakuambia mgongo ule ulinyooka. Posa ilipoletwa kwetu, baba hakuuliza mara mbili.

Sasa nikurudishe kwenye ile asubuhi.

Mkunga wetu, Bibi Nanjui, alitoka ndani akijifuta mikono, akamwambia baba, "Mtoto amekingama tumboni. Mikono yangu imefika mwisho wake. Mpelekeni hospitali."

Baba akasema, "Tumteremshe mlima mzima katika hali hii, na daktari yuko likizo kwa mama yake hapo ng'ambo? Mkwe wangu atakuja."

Akatumwa mtu. Lakini Sefania alikuwa amekwenda juu na wenzake kuzibua mfereji wa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, na haikuwa rahisi kumpata. Asubuhi yote ikapita tukingoja. Sauti ya dada ikawa inapungua, na kupungua kwake kulitutisha kuliko kilio.

Mwishowe akaja, anakimbia, tope hadi magotini. Watu wakampisha. Bibi Nanjui, aliyezalisha nusu ya watu wa kilima kile, akasimama akamwachia nafasi yake kando ya kitanda. Mama yangu akapiga magoti, akamshika miguu yenye tope, akasema, "Mwanangu, niokolee mtoto."

Nilikuwa mlangoni na beseni la maji ya moto, nikamwona usoni. Alimtazama dada. Akaitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akanitazama mimi, na sijapata kuona macho ya huzuni kama yale. Angeweza kusema chochote, mwanangu. Angeweza kuagiza majani yachemshwe, akamminya minya tumbo, na dada angekufa, nasi tungesema Mungu amempenda zaidi. Nani angejua?

Akamwinua mama taratibu, akatoka uani kwa baba.

"Mzee," alisema, "mimi si daktari. Wala si dresa. Sijashika sindano tangu nizaliwe. Mimi ni dobi wa hospitali, nafua mashuka na bandeji. Niliwadanganya. Msinitegemee, mtampoteza. Tumteremshe sasa hivi."

Kisha mjomba wangu akainua fimbo yake. "Asubuhi nzima tumemngoja dobi?" Akampiga begani. Sefania hakukinga wala hakusogea.

Bibi Nanjui ndiye aliyetuzindua. "Wanaume!" alifoka. "Mtapigana jioni. Leteni machela!"

Ikafungwa machela ya miti na mablanketi. Sefania akashika mti wa mbele, upande mzito wa mteremko, na hakuna aliyemzuia wala aliyemsemesha. Unaijua njia ile ya kushuka Makanya, jinsi inavyojikunja na jinsi udongo wake unavyoteleza. Wanaume walipokezana, lakini yeye kila alipoambiwa apumzike alitikisa kichwa. Mimi nilikuwa nyuma na kitambaa chenye maji, nikimpangusa dada midomo, nikiutazama mgongo wa mtu niliyempenda na nisiyemjua. Tulipofika chini tulibahatika kupata lori la shamba la mkonge, likatufikisha Same.

Namsifu alipasuliwa. Akapona, na mtoto akatoka hai, msichana, mdogo kama kifaranga aliyelowa mvua. Lakini kizazi cha dada kilikuwa kimeharibika. Daktari alisema hatashika mimba nyingine, na kwamba laiti tungewahi huenda mambo yangekuwa mengine. Dada alimsikiliza, akamvuta mtoto kifuani, akageukia ukutani.

Nikabaki pale kumuuguza. Nyuma ya wodi palikuwa na mapipa ya maji yaliyochemka mchana kutwa, na hapo ndipo Sefania alipokuwa akifanya kazi. Nilimwona akigeuza mashuka kwa mti mrefu, moshi ukimchoma macho, mikono imechubuka kwa magadi. Sikumsemesha. Siku moja tulikutana bombani, akasema, "Nakijwa, niliogopa kwamba dobi usingemtazama." Nilitaka kumjibu kwamba nilimtazama kwa sababu ya kikapu cha magimbi, kabla sijajua kazi yake. Badala yake nikainamia ndoo. Nikachota maji nikaondoka.

Tuliporudi nyumbani baba alivunja uchumba, na nilimwona ni mwenye haki. Lakini kulizuka ugomvi mwingine. Mama yake Sefania hakukubali. Alizunguka akisema kwamba sisi tumemsingizia mwanawe, kwamba ni wivu, kwamba mwanawe alijishusha tu kwa unyenyekevu. Na wako waliomwamini! Kilima kikagawanyika. Watu waliokuwa wakikaa benchi moja kanisani wakawa wanakaa mbalimbali.

Nilikwenda kwa shangazi yangu Nakunda, dada yake baba, nikamkuta akipalilia maharage. Nikamwambia, "Shangazi, shikamoo. Nimsamehe au nisimsamehe?"

"Marahaba," alijibu, bila kuacha jembe. "Kusamehe ni kitu kimoja, kuolewa ni kitu kingine. Naona unayachanganya kama mtu anayetia majivu kwenye unga. Samehe, upate usingizi. Kuolewa, ngoja."

"Ningoje nini?"

Hapo ndipo aliponyooka. "Siku ile alisema kweli kwa sababu kifo kilikuwa kimemsimamia kichwani. Wengi husema kweli wakati huo. Sasa mama yake anamtetea kwa uongo. Akinyamaza tu, heshima yake itarudi, na sisi ndio tutakuwa waongo. Usimwite, usimtumie neno, usimsaidie. Aliyejikwaa ajiinue mwenyewe, ndipo utajua kama ana miguu."

Nilikasirika, mwanangu. Kijana akitaka jibu la leo, akapewa la msimu ujao, huona kama amenyimwa. Lakini nilingoja.

Mvua za vuli zilikuwa zinaanza Sefania alipopanda tena mlima. Alikuja na shati la kazi, lile la kaki lililopauka. Ibada ilipokwisha na watu wako nje wakisalimiana, alimshika mama yake mkono, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama, walichosema ni kweli. Mimi ni dobi. Sijawahi kuwa daktari hata siku moja. Nyumba ya kina Namsifu haikunisingizia. Mimi ndiye niliyewakosea, na nimekukosea wewe kuliko wote."

Yule mama aliuvuta mkono wake. Nilidhani atampiga. Akajifunika uso kwa kanga, akalia pale pale mbele ya watu wote, na mwanawe akasimama kando yake mpaka alipomaliza. Walipoondoka, mama alikuwa amemwegemea begani.

Jioni ile akaja kwetu. Hakuja kwangu. Aliomba ruhusa kwa baba, akaenda kwa dada Namsifu aliyekuwa ameketi barazani akinyonyesha, akachuchumaa mbele yake.

"Dada," alisema, "wewe ndiye uliyeumia. Sina cha kukupa."

Namsifu alimhamisha mtoto titi la pili. Kisha akauliza, "Yale mashuka niliyolalia hospitali, ulifua wewe?"

"Mimi."

"Yalikuwa safi sana," dada alisema. "Niliyalalia nikahisi bado mimi ni mtu. Mbona hukutuambia hivyo tangu mwanzo, kwamba unafua mashuka ya wagonjwa yakatakata namna ile?"

Sefania akainamisha kichwa, na machozi yakaanza kumdondoka. Mtoto akaacha kunyonya, akageuka kumtazama mtu mkubwa anayelia. Dada akanyoosha mkono akamgusa kichwani, basi. Mpaka leo sijui kama alimsamehe siku ile ile au baadaye. Sikumuuliza, na yeye sasa yuko mbele za haki. Ila nilimwona akimgusa.

Baba hakulegea kwa wepesi. Alimfanya Sefania apande na kushuka mlima ule misimu kadhaa, akimpokea uani bila kumkaribisha ndani. Siku alipomwambia, "Ingia, chakula kisipoe," mimi nilikuwa jikoni nakoroga makande, nikaacha mwiko ndani ya chungu nikatoka nje kulia. Tukaoana. Alibaki dobi mpaka nguvu zilipomwishia; Mwingereza aliondoka na Uhuru ukaja, naye hakupanda cheo kingine. Tulikula, tulisomesha, tulizeeka. Huyo ndiye babu yako uliyemkuta, aliyekuwa akikataa mtu mwingine kumkunjia shuka lake.

Sasa sikiliza nikuusie. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kijana wako aliazima nguo, na upepo umeifunua. Hilo limekwisha. Usimfukuze kwa sababu ya ulinzi wa ghala, maana kazi ya halali haina aibu, na ukimwacha kwa hiyo utakuwa umekubaliana naye kwamba mlinzi si mtu. Lakini pia usimpokee kwa sababu tu amelia mbele yako. Mwanamume kulia mbele ya anayempenda ni rahisi. Tazama kama ataipeleka kweli kule alikoupeleka uongo: kwa baba yako, kwa mama yake, kwa wale wanaomwita mhasibu na kumwinukia kiti. Asipotumwa na mtu, akaenda, huyo anaweza kujenga nyumba. Akitafuta njia ya kukuomba umfichie, mwanangu, msamehe, umtakie heri, na ufunge mlango. Nimewaona wanawake waliofungua mlango huo. Uongo wa pili ulipokuja haukubisha hodi.

Nawe ujichunguze. Mficha uchi hazai, na mtu huficha pale anapoogopa kuchekwa. Mtu wako akikuletea ukweli mdogo na mnyonge, usiutemee mate, usije ukamfundisha kukuletea mkubwa wa kubuni. Sefania aliniogopa mimi kabla sijamtendea lolote, na neno lile la bombani bado linaniuma.

Usiharakishe. Shangazi yangu alisema ngoja, nami nakuambia ngoja.

Njoo karibu nikuwekee mkono. Mungu wa wazee wetu wa milima hii akupe jicho la kuona mtu ndani ya nguo zake. Akupe nyumba isiyo na neno la kufichwa chini ya kitanda. Tumbo lako libarikiwe, na usingizi wako uwe mtamu, na atakayekuwa ubavuni mwako akuambie jina lake la kweli. Amina, mwanangu. Amina.