Karanga za Mama Kulwa na Redio Iliyonyamaza

Kahama nzima imeshanicheka, sasa chekeni na nyinyi. Mimi ni mtangazaji wa redio, na ugonjwa wangu ni majarida ya zamani. Nyumbani yamejaa hadi uvunguni mwa kitanda.

Juzi mchana, nikiwa hewani, nilichungulia dirishani nikamwona Mama Kulwa, muuza karanga wa nje ya kituo chetu, akichana jarida nililolitafuta miaka mingi ili afungie karanga. Nikaweka wimbo mrefu, nikatoka mbio.

"Shikamoo mama. Usichane tena, nanunua lote."

"Marahaba. Jalada ameondoka nalo yule wa bodaboda."

Nikamfuata hadi kijiweni. Alikubali kunipa, ila kwanza amalize karanga zake. Nikamsaidia kutafuna.

Niliporudi, redio ya Mama Kulwa ilikuwa kimya kabisa. Yeye husikiliza kituo cha wapinzani wetu, na kila siku namwomba ahamie kwetu. Nikaona leo nimempata.

"Unawasikia watu wako?" nikasema kwa sauti, wateja wote wasikie. "Wamelala. Mtangazaji mzembe namna hiyo, ningekuwa bosi wake ningemfukuza leo hii hii. Kwetu huwezi kukuta ujinga kama huu."

Mama Kulwa akazikusanya kurasa zilizobaki, akanikabidhi taratibu kwa mikono miwili.

"Tangu asubuhi niko kwenu, mwanangu," akasema. "Si ulinibembeleza?"