Tawi la Nusu Majani

Simu yangu naifunga kwenye usukani wa baiskeli kwa kipande cha mpira wa gurudumu, na watu wa Mubi, mji mdogo wa huku Walikale, wananicheka. Wanasema nimekuwa rubani. Nawaacha wacheke. Nauza chumvi, sabuni na betri za tochi katika vijiji vya msituni, na huko mtandao hakuna, unakatika mara tu ukiiacha barabara. Lakini ramani niliipakua nzima nilipokuwa Goma, na hata bila mtandao ile nukta ya buluu inatembea nami porini: nikipinda inapinda, nikisimama inasimama. Nikikaribia kizuizi cha wenye bunduki nafungua simu usukanini upesi na kuizika ndani ya mfuko wa chumvi, maana mtu mwenye ramani huku anaitwa mpelelezi kabla hajajibu salamu.

Mimi si mzaliwa wa Walikale. Sisi ni watu wa Nyamitaba, kule Masisi, watu wa maharagwe na ng'ombe. Siku tuliyokimbia, kaka yangu mkubwa alitangulia na baiskeli yake iliyobeba magodoro na sufuria, mimi nikabaki nyuma nikimsukuma kwenye yangu mama ambaye miguu ilikuwa imevimba. Risasi zikaanza kulia katikati yetu. Yeye akaelekea msituni, sisi tukageuka upande wa ziwa, na tangu siku hiyo hatukupata habari zake. Mama anapanga chumba karibu na Mubambiro, upande huo wa ziwa. Mimi nilikuja Mubi kutafuta maisha, ndivyo ninavyowaambia watu, lakini kila kijiji ninachoingia nauliza kwanza habari za mtu mrefu mwenye pengo la meno ya mbele, ndipo nauza sabuni.

Mwaka huu baba mdogo alichoka kusubiri. Alisema familia haiwezi kukaa na mtu ambaye si mzima wala si marehemu. Mvua zikipungua, matanga yafanyike, padri asome misa, watu walie, yaishe. Mama akanipigia simu kwa hasira.

"Mutoto yangu siyamuzika bado," alisema. "Nitamulilia namna gani? Na kama iko muzima, njo nitakuwa nimemulaani?"

Kisha sauti yake ikashuka. Aliniambia nimtafute mara ya mwisho, mpaka mvua ziishe. Nikimkosa, atakubali kulia.

Wiki ile lori lilizama kwenye tope na kuziba barabara yote, hata baiskeli haikuwa na pa kupenya. Nikatazama simu. Ilionyesha njia nyembamba inayoingia msituni na kupita kijiji kimoja ambacho sikuwahi kukifikia. Nikaingia. Sikwenda mbali, njia ikagawanyika, na kwenye ile iliyonyooka, ambayo simu ilitaka niifuate, palikuwa pamelazwa tawi.

Tawi peke yake si ajabu. Kwetu na huku pia, anayetangulia akifika njia panda hukata tawi na kulilaza kwenye njia ambayo hakupita, ili walio nyuma wasipotee. Wengi hulitupa tu na kuendelea na safari. Kaka yangu alikuwa na namna yake. Alikuwa akivua majani nusu ya tawi, analikingamisha, na ile ncha iliyo uchi anaielekeza kwenye njia nzuri. Alisema mbuzi wakila majani, kijiti kitabaki, na mtu hata akichelewa sana ataelewa. Sijaona mwingine akifanya hivyo maishani mwangu.

Tawi lililokuwa mbele ya gurudumu langu lilikuwa limevuliwa nusu. Ncha yake uchi ilielekea kushoto. Nilishuka, nikaligusa, na utomvu ukanata kidoleni.

Nikajiambia nimechoka, nina njaa, mtu yeyote anaweza kuvua majani. Mimi ni mbishi kwa asili, na sikubeba simu porini ili nibishane nayo kwa sababu ya kijiti. Nikalivuka tawi na kwenda mbele.

Kijiji kilikuwapo kwenye ramani kwa herufi nzuri, na kanisa lake na shule yake. Mimi nilikuta kuta zimelala chini na maboga yametambaa juu yake. Milingoti ya goli ilisimama katikati ya majani yaliyozidi kimo cha mtu. Hapakuwa na kuku wala mbwa. Hapo ndipo ile sauti ya kike ya ramani ya simu iliponiambia kwa Kifaransa, kwa adabu kabisa, kwamba nimefika.

Nilipiga hodi. Sijui kwa nini. Nilihofia kutojibiwa, kisha nikahofia zaidi kujibiwa. Maboga yalitikisika upande mmoja na mimi sikungoja kuona ni panya au ni nini, niligeuza baiskeli na kukanyaga pedali mpaka kifua kikaniwaka moto.

Wiki iliyofuata barabara ilikuwa imefunguliwa. Nilipita pale tena kwa makusudi, nikiwa na mzigo wa kisingizio. Tawi la zamani lilikuwa limenyauka pembeni. Juu ya njia kulikuwa na jipya, bichi, limevuliwa nusu. Nikarudi Mubi bila kuuza kitu.

Niliuliza habari za matawi yale kwa mwenzangu mmoja wa sokoni, mwindaji, mzaliwa wa msitu huu, ambaye kwa kawaida ndiye anayeongoza kunicheka. Siku hiyo hakucheka.

"Kaka, kile kijiji kilikwisha," alisema kwa lugha ya huku, ambayo mtu ni muntu na watu ni bantu. "Bantu walikufa kule, wengine hawakuzikwa. Ule mwenye anafunga njia kule haiko muntu. Pita tu mu barabara."

Nilijifanya mtu wa kisasa, nikamjibu kwamba maiti hawana panga. Lakini maneno yake hayakutoka kichwani. Nilianza kuhisi mtu nyuma yangu kila nikiendesha, na nikigeuka naona njia tupu. Usiniulize kama niliogopa. Niliogopa kwamba ni kaka, na niliogopa kwamba si yeye. Mama alipopiga simu nilimwambia mtandao mbaya, nikakata. Mvua zilikuwa zinapungua.

Basi asubuhi moja nilipiga moyo konde. Nilifika njia panda, nikazima simu, nikaifukia ndani ya chumvi, nikapinda kushoto.

Nilisukuma baiskeli zaidi ya kuiendesha. Mizizi, vijito, magogo. Kila njia ilipogawanyika nilikuta tawi, mengine mabichi, mengine yamekauka na kubaki kijiti, lakini yote yalisema jambo moja kwa mkono mmoja. Nilianza kuita. "Kaka! Kaka!" Nilisahau kabisa habari za wenye bunduki. Kadiri nilivyokwenda ndivyo woga ulivyonitoka, na mahali pake pakaingia furaha mbaya, furaha ya mtu ambaye tayari anasikia vicheko vya mama yake. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumtania: umezeeka, una nyumba msituni, na hata salamu hutumi.

Shamba la mihogo lilitokea ghafla, na nyumba ya udongo, na moshi. Mwanamke alisimama kwenye kona ya shamba na panga mkononi. Alikuwa anavua majani ya tawi. Alivua nusu, akaacha.

Aliniona. Hakunitazama usoni kwanza, alitazama baiskeli, ambayo sisi watu wa Kivu tunaiita kinga.

"Wewe njo mudogo yake?" akauliza. "Alisema mudogo yake atafika na kinga."

Nilimwuliza yuko wapi. Alilaza panga chini, taratibu, kama watu wanavyofanya kabla ya kukujibu jambo la namna hiyo, na nikajua.

Alikuwa mke wake. Walikutana porini wote wawili wakikimbia, naye akiwa ametoka kwenye kile kijiji cha maboga. Walijenga hapo kwa sababu hapakuwa na barabara, na pasipo na barabara wenye bunduki hawafiki. Kaka alikufa kwa homa mvua zilizopita, hospitali ikiwa mbali mno hata asingeweza kubebwa. Alinipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limepaliliwa vizuri. Niliwasha simu, nikitaka nimwonyeshe mama mahali, na nukta ya buluu ikasimama katikati ya kijani kitupu, hakuna njia, hakuna jina. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, shemeji yangu akikaa pembeni bila kuninyamazisha.

Nilipoweza kusema nilimwuliza kuhusu matawi.

"Alikuwa anasema, nyuma yangu kuko bantu yangu, wanakuja," alisema. "Kama wanapita ile njia ya kunyooka, watafika mu kijiji ya bure, haina muntu, watazani tulikufa. Kila tukienda soko alikuwa anakata. Wakati homa ilimushika, akanifundisha namna ya kuvua majani. Akasema, usiache mpaka wafike."

Lile tawi lililovuliwa nusu lilikuwa bado mkononi mwake, na niliona viganja vyake vimekauka na kupasuka.

"Sasa umefika, shemeji," alisema. "Naweza kuacha?"

Nilifikiria miguu ya mama, na vile vijito vyote.

"Usiache bado," nikamwambia. "Mama anakuja kumzika."