Nyanya za Wifi Yangu Mpakani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka Lemara kwenda Kimandolu tu naaga kama naenda kuhiji. Wifi yangu, mke wa kaka, aliponiomba nimsindikize mpakani kuuza nyanya, nilimwuliza kama wenye miguu wengine wameisha.

"Miguu ipo," akasema. "Nataka macho. Si ndiwe uliyemaliza kidato cha nne? Utanisomea makaratasi."

Nikavimba kichwa, nikaenda.

Tulipakia matenga shambani kwake Oldonyo Sambu, baridi bado inauma. Mteja wake mpya, Mkenya, alishasema wazi: nyanya zikifika leo, atachukua za msimu mzima. Zisipofika, atatafuta mkulima mwingine.

Mpakani nilisoma kila karatasi kwa sauti ya mwalimu mkuu. Zote zilikuwepo. Ilikosekana saini ya afisa wa kukagua mimea.

"Yuko semina, Arusha," akasema mama wa dirishani.

"Semina ya nini?"

"Ya ushirikiano wa nchi jirani. Namna ya kurahisisha biashara mpakani."

Hakutabasamu. Angetabasamu ningemsamehe.

"Anarudi lini?"

"Keshokutwa. Mngemfuata hukohuko mlikotoka."

Nikauona ule ukumbi: chai ya saa nne, sambusa, watu wazima wanapigiana makofi kwamba sasa mpaka ni mwepesi. Mwepesi kwa nani? Mbele yetu mbuzi walikuwa wanavuka kwenda Kenya, bila saini wala haya.

"Kosa letu," wifi akaninong'oneza, "hatukuzifundisha nyanya kutembea."

Sikucheka. Nilipiga kaunta kwa faili, mimi ambaye konda akinizidishia nauli namwambia asante. "Mama, hizi nyanya zinaiva!"

"Hata mimi naziona, dada. Sina mamlaka."

Mteja akavuka kwa miguu, akafungua tenga moja, akabonyeza nyanya, akasema ni safi kabisa. Akampa wifi mkono. "Pole, mama. Lori langu haliwezi kulala hapa." Akarudi kwao. Ng'ambo ya geti tulimwona anapatana na muuzaji mwingine.

Tulipofika kwake, matenga ya chini yalikuwa yanachuruzika. Wifi akawamwagia ng'ombe tenga la kwanza, akasimama anawatazama wakila.

"Na zile alizoniagiza yule Mkenya za mwezi ujao," akasema, "nimeshapanda."