Sukari ya Annah

Annah Mafabi alikuwa mkali kwa jambo moja tu: bakteria wake wasishibe. Watu wengine wakipewa kazi ya kulisha, iwe ng'ombe au watoto wa shule, husifiwa kwa kushibisha. Annah alisifiwa kwa kunyima. Tulifanya kazi pamoja katika maabara ndogo ya Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja, na nilizoea kumtania kwamba akiolewa, mumewe atakonda.

Bakteria wale walikuwa wamebadilishwa maumbile. Wa kawaida hula sukari wakaongezeka, basi. Hawa wetu walipewa maji yaliyochemshwa kutoka makapi ya miwa, wakayageuza kuwa sukari ya aina nyingine, tamu vilevile, lakini isiyompandishia mgonjwa wa kisukari sukari ya damu. Ili wapate nguvu za kazi hiyo walidondoshewa molasi, tone kwa tone. Wakizidishiwa huvimbiwa, huacha kazi na kutoa siki, na siki hiyo huwaua wenyewe.

Annah aliwang'ang'ania kwa sababu ya baba yake. Mzee Mafabi, askari magereza mstaafu, aliishi Mbale, na kisukari kilikuwa kimeshamla mguu mmoja kikaanza na macho. Hayo aliyavumilia kimya. Kilichomshinda ni chai. Tangu aingie depo ya mafunzo ya askari alikunywa chai tamu ya kunata midomoni, na sasa mkewe alimtengea chai isiyo na kitu. Kila Annah alipopiga simu, mzee aliuliza swali lile lile, kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Sukari yako iko tayari?"

"Bado, afande. Vumilia kidogo." Alimwita afande kwa utani tangu utotoni.

"Mimi iko navumilia. Hii chai ndio hapana vumilia mimi. Na ikifika, nitajua namna gani kama ni yako?"

"Ukiweka chembe yake kwenye ulimi, ulimi unapoa. Kama umekula peremende."

Mzee alilipenda hilo. Aliwatangazia majirani kwamba binti yake anatengeneza sukari baridi.

Siku ile simu ya Mbale ilipokuja, tangi la bakteria lilikuwa linakwenda vizuri kuliko wakati wowote. Mzee amelazwa, figo zinagoma. Annah alimwachia tangi Isiko, mwenzetu, akamwambia mara mbili kwamba molasi isiongezwe. Isiko aliyajua masharti yale sawasawa. Lakini ni Msoga, mwenyeji wa huku Jinja, na nyumbani kwao mtu akiwa na mgonjwa, majirani humlimia shamba. Wala hawalimi kile kipande walichoonyeshwa tu, wanamaliza shamba zima, mwenyewe arudi akute jembe limetundikwa. Isiko alitaka Annah arudi akute mavuno. Akafungua molasi kidogo, akaona mambo ni shwari, akafungua tena. Asubuhi chumba kizima kilinuka siki.

Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Alikaa juu ya jerikeni akilia, asijitetee hata kwa neno moja. Mimi ndiye niliyempigia Annah simu. Nyuma yake nilisikia kelele za veranda ya hospitali.

"Mwambie Isiko asilie," akasema. "Alikuwa ananilimia."

Yaliyofuata alinisimulia baadaye. Madaktari walisema figo zimekwisha, mzee arudishwe nyumbani apewe chochote anachotaka. Wageni wakaanza kumiminika. Watu wetu hawaendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na anayekufa kwa kisukari naye hupelekewa sukari. Pakiti zikajaa mezani, karibu na kitanda.

"Umeleta?" mzee akauliza.

Annah hakuwa na chembe. Alichana pakiti moja ya wageni, akakoroga chai, akamwinua baba yake kichwa.

"Hii ndio ile yako?"

"Ndiyo, afande. Hii ndiyo ya kwanza kabisa."

Alikunywa polepole, macho kayafumba, mpaka kikombe kikaisha. Kisha akatoa ulimi nje kidogo, akaurudisha.

"Kweli," akasema. "Ulimi nasikia baridi."

Alifariki kabla ya wiki kwisha. Tulikwenda maziko, mimi na Isiko. Isiko alichimba kaburi pamoja na vijana wa ukoo, akakataa kupokewa jembe. Annah aliniambia kuwa alimdanganya baba yake naye akaamini, na kwamba hilo ndilo linalomnyima usingizi. Nikamwambia mzee aliondoka na furaha, nini tena. Nilijiona nimesema la maana.

Tulianza upya. Miezi ikapita, na mara hii tangi lilikubali. Siku tulipopata chembe za kwanza, nyeupe, safi, Annah aliweka moja ulimini, akanipa nami. Ikapoa kweli, baridi hadi kwenye fizi. Isiko alionja akageukia dirishani.

Kisha Annah akachemsha chai, akaitia sukari yake, akanywa. Akanywa tena. Akaweka kikombe chini.

"Haipoi," akasema.

"Ni chai ya moto," nikamjibu. "Baridi inakuja chembe ikiyeyuka ulimini. Ikishayeyuka kwenye chai imekwisha. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Ninalijua. Siku ile sikulifikiria. Hata ingekuwa ya kwangu, baba asingesikia baridi yoyote. Mtu aliyepekua wafungwa maisha yake yote, angekosaje kusikia pakiti ikichanwa pembeni mwa kichwa chake? Alijua ni sukari ya wageni. Alisema vile ili mimi nisione haya."

Nililia pamoja naye, na Isiko akabaki kwenye tangi, akidondosha molasi tone kwa tone.