Ng'ombe Mmoja wa Sostenes

Katika ranchi yetu huku Mkalama, hakuna aliyemshinda Sostenes kwa kuachisha ndama kunyonya. Miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo bila kupepesa macho. Ndama upande huu wa uzio, mama zao upande ule, siku tatu za makelele, basi. Nilipoanza kazi niliwaonea huruma, akanicheka: "We kijana, huruma yako itatuachia ngozi badala ya ng'ombe." Mdomo wake haukuwa na breki, na nilimpenda hivyo hivyo.

Mwaka jana mvua ziligoma. Nyasi zilipokwisha, bwana mifugo akaagiza ndama wote waliotimiza miezi minne waachishwe, maana ng'ombe aliyekonda akiendelea kunyonyesha anajimaliza mwenyewe. Sostenes akawatenga themanini kwa wiki moja. Akabaki mmoja, ndama wa ng'ombe wake mwenyewe, yule mwekundu ambaye Sostenes aliruhusiwa kumchunga pamoja na kundi la ranchi.

"Mzee, na huyu?" nikamwuliza.

"Huyo mwache."

"Lakini mama yake mbavu zinahesabika."

"Naziona. Ng'ombe wetu wa kienyeji bila ndama hashushi maziwa, unajua. Nikimwachisha huyu, nimemwachisha na Eliza."

Eliza ni mjukuu wake, alikuwa na miezi saba. Mama yake alifariki siku ya kujifungua. Mke wa Sostenes, Damari, alimlea kwa maziwa ya ng'ombe huyo, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mganga hajigangi, nikasema moyoni, nikanyamaza. Najilaumu mpaka leo.

Jumatatu ng'ombe akaanguka. Tukapitisha miti miwili chini ya tumbo, wanaume sita, tukamwinua. Akasimama akitetemeka, na ndama akarukia chuchu papo hapo.

"Mtoe huyo, mzee! Anamuua!"

Sostenes alimwacha anyonye kidogo, akamvuta pembeni, akachuchumaa na kukamua. Alipata nusu kikombe. Jumanne tukamwinua tena. Jumatano miguu ilikataa. Alhamisi asubuhi tulimkuta amekufa, ndama akikisukuma kiwele kwa kichwa.

Tulikuwa tunamchuna ng'ombe huyo, msimamizi wa ranchi alipokuja kutukusanya, uso umejaa furaha. Kiangazi chote, alisema, ranchi haijapoteza ng'ombe hata mmoja, na shukrani zote ni za Sostenes. Watu wakapiga makofi. Nilitamani kumtukana, ila hakusema uongo. Yule mwekundu hakuwa wa ranchi.

"Asante, bosi," Sostenes akajibu, kisu kikiwa mkononi.

Jioni Damari akaja kuchukua maziwa kama kawaida, Eliza mgongoni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpelekea habari. Aliitazama ngozi iliyowambwa chini, kisha akamtazama mumewe. Sostenes akamnyooshea ini lililofungwa kwenye majani.

"Chukua, Mama Noel. Mpikie mtoto."

"Hana meno, Baba Noel," Damari akasema.