Kwapa la Kulia

Kiharusi kiliponipiga, mkono wangu wa kulia ulijikunja ukabana kifuani, na bega likakaza hata kwapani kidole hakipenyi. Kutembea nilirudia. Kuoga ndiko kulikonishinda: kwapa lilitoka vidonda, na kujifunga kanga kwa hali ile ni mtihani.

Mtoto wa kike sina. Aliyeniogesha ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, na kwetu Mafia mkwe hamtazami mkwewe akiwa uchi. Basi ananimwagia maji huku kageuzia uso ukutani. Sabuni ikaingia masikioni, kwapani haikufika. Nilimfokea, naye husema tu, "Niwie radhi, mama." Haya imetubana sote wawili. Kila asubuhi nililia kimoyomoyo.

Madaktari wageni walipokuja hospitali ya Kilindoni, mwanangu akanipeleka. Daktari mwenyewe msichana, sawa na mjukuu wangu. Akaniamkia shikamoo, akanipaka ute wa baridi begani, akasogeza mashine ya altrasaundi.

"Marahaba. Lakini hiyo si ya wajawazito? Mie nilishafunga duka zamani."

Akacheka. Akanionyesha kwenye kioo cha mashine msuli uliokaza, na sindano ya kuulegeza ikiingia humo humo, isije ikachoma mshipa wa damu. Iliuma, nisiseme uongo. Akanieleza kwamba dawa hairudishi nguvu, inalegeza tu kwa miezi michache. Kuunyoosha mkono kila siku ni kazi yangu.

Siku ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya. Nikaanza kunung'unika kwamba nimechomwa maji matupu. Wiki ya pili, ninanyoosha mkono juu ya meza kama nilivyofundishwa, kiwiko kikaachana na ubavu. Nikajaribu kupitisha ngumi ya kushoto kwapani, ikapita nzima.

Kesho yake niliingia bafuni na ndoo yangu, nikatia komeo. Mkwe wangu akabisha hodi.

"Mama, nije?"

"Kaa huko huko."

Nikauegemeza mkono wa kulia kwenye ukingo wa pipa, nikaingiza wa kushoto na sabuni. Nilisugua mpaka nikaridhika, wala sikuwa na haraka. Kanga ilikaa upande, lakini nimeifunga mwenyewe.

Nilipofungua mlango, nilimkuta kaketi kwenye kigoda, kanipa mgongo kama kawaida yake.

"Geuka, mwanangu," nikamwambia. "Nimeshavaa."